Pua Yangu, Ulimi wa Gaspari

Vijana wa baa na wa mezani mmeniomba niandike jinsi kazi ya kuonja mvinyo inavyofanywa, kabla sijasahau. Mmemwomba mtu mbaya. Nimeifanya kazi hiyo hapa Bagamoyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nilipostaafu juzijuzi. Nimenusa mvinyo wa Dodoma, wa Afrika Kusini, wa Italia na wa Chile, nimeandika maelezo ambayo wageni waliyapiga picha wakawaonyesha watu wa kwao, na mpaka leo hakuna hata tone lililopita kooni mwangu. Mkinicheka mna haki, mimi mwenyewe nilianza kujicheka zamani.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu hiyohiyo. Nilikwenda hotelini kuomba kazi ya bustani. Meneja wa wakati ule alikuwa na tatizo: chupa zilikuwa zinapungua stoo, na kila aliyekabidhiwa ufunguo alionekana jioni ana furaha isiyo na sababu. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kaole. Akauliza kama nakunywa, nikamwambia kwetu hakuna anayekunywa. Akanipa ufunguo palepale, bila hata kuuliza kama najua kusoma. Kwa hiyo niliingia kwenye fani ya mvinyo kwa sifa moja tu, kwamba siutaki.

Nyumbani sikuficha. Baba alikuwa mtu wa minazi na msikiti, na siku niliyomweleza alikuwa anafua nazi. Aliendelea kufua mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema hawezi kunikataza kutafuta riziki, lakini nisimtegemee kuniombea baraka kwenye riziki ile, na kama ni lazima niende, basi nimwahidi kwamba kitu kile hakitaingia kinywani mwangu. Nikaahidi. Nilikwenda pia kwa shehe wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nitafute kazi nyingine, nikamjibu nitatafuta. Kila tulipoonana aliniuliza kama nimepata, nami nikamwambia bado, na nadhani alifariki akiamini kwamba ajira nchi hii ni ngumu kuliko ilivyo. Sisemi haya kwa kujivuna. Jambo lile lilinikaa moyoni miaka yote, na ahadi niliyompa baba ndiyo kitu pekee kilichonifanya nilale.

Aliyenitoa stoo akanileta mezani alikuwa Mzee Fransisko, Mgoa aliyekulia Dar es Salaam, mtu mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa vinywaji. Alinifundisha kushika glasi kwa mguu wake na si kwa tumbo, kwa sababu kiganja kina joto na joto ni adui. Alinifundisha kwamba kizibuo kinaingia katikati ya kizibo na kusimama kabla hakijatoboa upande wa pili. Alinifundisha kuzungusha glasi mezani kwanza kabla ya kuizungusha hewani, somo ambalo nililielewa baada ya kumwagia mvinyo mwekundu mwalimu mmoja wa Kijerumani aliyekuwa amevaa nyeupe tupu.

Nilipomwambia siwezi kuonja, Mzee Fransisko hakushangaa. Alisema pua ndiyo inayofanya kazi na mdomo ndio unaochukua sifa. Ulimi unajua uchachu, utamu, uchungu na ukavu, basi. Mengine yote, matunda, maua, moshi, ngozi, udongo, ni pua. Akanipa glasi, nami nikaingiza pua mpaka nikailowesha ncha.

Wiki zile za kwanza nilimtia wasiwasi. Kila mvinyo alionipa nilimwambia unanukia udi. Mweupe wa Afrika Kusini uitwao Sheni, udi. Mwekundu wa Dodoma, udi na kitu kama asumini. Merlo ya Ufaransa, udi mwingi. Mzee Fransisko alianza kunusa upya chupa ambazo alizijua miaka mingi, akidhani labda ameanza kuzeeka. Alifungua kreti jingine. Alikwenda kunusa stoo yenyewe. Siku moja akaja karibu yangu kuchukua kitambaa, akasimama, akaninusa kola. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu, Mwajuma, kila asubuhi alikuwa anaweka shati langu juu ya tenga na kulifukiza, kama anavyotakiwa biharusi anayempenda mumewe. Mzee Fransisko aliniambia nichague moja, ndoa au mvinyo. Nikaenda kumwomba Mwajuma aache kunifukizia mashati ya kazi, na alinuna muda mrefu sana, kwa sababu mwanamume gani anaomba asinukie.

Tangu hapo ikawa sheria ya kwanza, nanyi muishike: siku ya kuonja hakuna udi, hakuna marashi, hakuna sabuni yenye manukato, hakuna kitunguu mchana. Sheria ya pili ni ya upepo. Upepo ukitokea sokoni kwenye samaki wa kukaanga, funga chupa, nenda ukafanye kazi nyingine. Nimewahi kuandika kwamba mvinyo mmoja mweupe wa Italia una harufu ya bahari na mafuta ya moto, na mgeni akanisifu kwamba nimeupata sawasawa. Nikainama kidogo na kuondoka.

Gaspari alikuja baada ya Mzee Fransisko kuondoka kwenda kuishi kwa binti yake. Ni Mkwere wa Fukayosi, Mkatoliki, mdogo kwangu, na wakati ule alikuwa jikoni anaosha masufuria. Mimi nilikuwa nimebaki peke yangu na pua yangu. Niliweza kusema mvinyo unanukia nini, lakini mgeni akiniuliza kama ni mzito au mwepesi, kama utafaa na pweza au na mbuzi, nilikuwa nakohoa. Siku moja nikamwita Gaspari, nikampa glasi, nikamuuliza anasikia nini. Alimeza, akafumba macho, akakaa kimya muda ambao sufuria lingeoshwa, kisha akasema, "Unaanza vizuri, halafu katikati unapotea, halafu unarudi umechoka." Sijawahi kusikia mvinyo ule ukielezwa vizuri zaidi.

Kuanzia siku hiyo tukawa mwonjaji mmoja mwenye mishahara miwili. Mimi nilinusa, yeye alimeza. Harufu alikuwa hazitambui kabisa, ungempa karafuu na mdalasini akiwa amefumba macho akakwambia zote ni dawa. Lakini mdomo wake ulikuwa na akili. Tatizo lake moja ni kwamba hakukubali kutema. Ndoo ya kutemea ilikuwepo, Mzee Fransisko alituachia, lakini Gaspari alisema kwao kutema ulichokaribishwa ni kumtukana mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba hayupo. Akasema mama yake alimlea hivyo. Matokeo yake ni kwamba maoni yake kuhusu chupa za mwanzo yalikuwa makali, na kuhusu za mwisho yalijaa upendo, kwa hiyo nilijifunza kuanza na chupa tunazozitilia shaka.

Maelezo niliandika mimi kwenye vikadi vidogo, kwa Kiswahili, na kijana wa mapokezi akayafasiri. Mwanzoni nilijaribu kuandika kama vitabu vya Wazungu, nikitaja matunda ambayo sijawahi kuyaona. Niliandika mara nyingi kuhusu tunda fulani jeusi la msituni ambalo mpaka leo silijui. Gaspari akaniuliza nimelinusa lini. Nikaona aibu, nikaanza kuandika ninachokijua. Zabibu aina ya Sovinyo ilikuwa embe bichi lililokatwa sasa hivi na majani ya mpera. Pinotaji ilikuwa moshi wa kifuu cha nazi. Kaberne ilikuwa kabati la bibi lililofungwa muda mrefu. Ule mwekundu mtamu wa Dodoma ulikuwa ubuyu ulioloweshwa. Wageni wakaupenda utaratibu ule, wengine wakaja jikoni kuomba waonyeshwe kifuu. Nilivimba kichwa kidogo, nakiri, mpaka mgeni mmoja alipoomba aletewe bibi mwenye kabati.

Chupa mbovu ndizo zilizotufundisha zaidi. Iko chupa iliyoharibiwa na kizibo, hii inanuka gunia lililolowa na kuachwa kwenye kona. Ukilisikia gunia usibishane na mgeni, badilisha. Iko iliyogeuka siki, hiyo hata mlinzi wa getini anaijua. Na iko iliyopigwa na joto, bandarini, au kwenye lori, au stoo kwetu umeme ukikatika. Hiyo ni ya hatari kwa sababu haikimbizi pua. Inanukia vizuri, inanukia sukari iliyoungua. Mzee Fransisko alinirudia jambo hilo mara nyingi: mvinyo ukikunukia tamutamu ya jikoni, ujue umepikwa. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na ndilo lililonitoa kazini.

Hoteli wakati huo ilikuwa imenunuliwa na Mama Anjela, mjane wa Kilimanjaro, mwanamke mchapakazi asiyependa maneno mengi, ninyi mnamjua. Alitukuta sisi wawili pale, akatuacha tulivyo. Kila mwaka kabla ya msimu wa wageni, wakala wa mvinyo kutoka Dar alileta sampuli, tukazipima, Mama akaagiza tulichochagua. Hakuwahi kutuhoji, na sisi tukazoea kutohojiwa.

Sasa mnajua kwamba Ramadhani huzunguka mwaka mzima, lakini Kwaresma haitoki pale ilipo. Kwa miaka mingi zilipishana. Mimi nikifunga, Gaspari alikuwa na ulimi wake kamili, akanisahihisha. Yeye akiacha pombe kwa ajili ya Kwaresma, jambo ambalo hakulikosa hata mwaka mmoja, mimi nilikuwa nimeshiba na pua yangu ina utulivu, na kama ni lazima tulingoja Pasaka. Mwaka ule Ramadhani ikaingia ndani ya Kwaresma ikakaa humo, na wakala akaja katikati yake. Alitaka jibu kabla wiki haijaisha. Mama Anjela alikuwa Moshi kwenye msiba, akatuambia kwa simu tuchague kama kawaida.

Tungeweza kusema hatuwezi. Ilikuwa ni kumwambia wakala, ndugu, njoo baada ya Idi. Lakini mtu akikuita mtaalamu miaka mingi unaanza kuogopa kusema una njaa.

Tulikaa chumba cha stoo baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimemuuliza ustadhi wa mtaani kama kunusa kunafunguza saumu, akaniuliza kunusa nini, nikabadilisha mazungumzo. Gaspari alisema mwaka huu ameweka nadhiri nzito kwa ajili ya mtoto wake anayefanya mtihani wa kidato cha sita, hatagusa hata kwa ncha ya ulimi. Nikamwambia basi tufanyeje. Akasema, "Kaka Shomari, wewe nusa, mimi nakuamini."

Jikoni upande wa pili wa ukuta walikuwa wameanza kuandaa futari ya wafanyakazi. Nikaingiza pua kwenye glasi ya kwanza, na Mungu ni shahidi, nikasikia mkate wa kumimina ulioepuliwa sasa hivi. Nikaandika. Ya pili ilikuwa tende na siagi. Ya tatu ilikuwa kitu kama sambusa, nikaona haya kidogo nikaandika viungo. Nilikuwa sijawahi kukutana na mivinyo mizuri namna ile kwa siku moja. Ya mwisho ilikuwa nyekundu, nzito, na ilinukia kaimati zilizomiminiwa shira ya sukari, shira yenyewe imeshika rangi. Nilimsomea Gaspari kile kikadi polepole. Yeye alikuwa ameacha na nyama pia. Alimeza mate akasema, "Hiyo ya kaimati tuichukue." Tukaichukua, na si kidogo, tukaifanya ndiyo mvinyo wa nyumba kwa msimu mzima.

Makreti yalipofika, wageni walikunywa funda moja na kuacha. Walikuwa wapole, wakasema labda jioni wataujaribu tena. Vijana wa mezani mkawa mnarudisha glasi zimejaa, mkidhani mmemimina nyingi mno. Mama Anjela akarudi kutoka Moshi, akajimiminia, akanywa, akaniangalia. Baadaye Gaspari, Pasaka ilipofika, aliniambia ladha yake: unakausha mdomo mzima kama bibo bichi, halafu unaacha uchungu wa sukari iliyoungua. Ulikuwa umepikwa kwenye kontena. Shira iliyoshika rangi. Nilifundishwa hayo na Mzee Fransisko kwa kunirudiarudia, nami nikaandika kaimati.

Mama Anjela alituita ofisini, akatukalisha, akatuagizia chai, nikajua mambo ni mabaya. "Mzee Shomari, Gaspari, mimi niliwakuta hapa na nawaheshimu," alisema. "Lakini nina pua isiyomeza na ulimi usionusa. Nalipa watu wawili, na wakifunga wote sina hata mmoja. Msimu ujao nitabaki na mmoja, anayeweza kazi yote." Akasema atatupima mwenyewe, kila mtu kwa zamu yake, na akaniambia mimi waziwazi kwamba angependa nibaki, kwa sababu ya vikadi, ila itabidi nionje kama waonjaji wote duniani.

Tukatoka nje. Gaspari ana watoto bado wanasoma. Mimi wangu wameshaoa na kuolewa, na umri wa kustaafu ulikuwa mlangoni. Hesabu ilikuwa nyepesi, mtu yeyote angeipiga. Lakini nataka mjue ukweli, nilitaka kubaki. Sikutaka kwenda Kaole kukaa barazani nikiulizwa afya yangu na kila anayepita. Niliipenda kazi ile ambayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote wa nyumbani kwamba naipenda. Nikaanza kujiambia mambo ambayo mtu hujiambia: kwamba baba ameshatangulia mbele ya haki, kwamba kuweka kinywani na kutema si kunywa, kwamba ndoo ipo. Mwajuma aliniuliza kama nitaonja. Nikamwambia sijui. Akachukua ungo akaanza kupepeta mchele ambao alikuwa ameshaupepeta.

Tulipimwa asubuhi moja, Idi imepita na Pasaka imepita, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kisingizio. Mama Anjela aliweka glasi tatu mezani ukumbini, chupa amezificha. Aliuliza mambo mawili tu: umetoka wapi, na ninunue au nisinunue.

Gaspari alitangulia. Alimeza ya kwanza, akafumba macho, akasema huu una miguu mizuri lakini hauna uso. Mama akauliza umetoka wapi. Gaspari akasema mbali. Ya pili akasema ungependeza na kuku wa kuchoma. Umetoka wapi? Mbali pia. Ya tatu akasema huu ungekuwa mtu angemwoza binti yake. Mama Anjela aliandika kitu, uso wake haukubadilika, na Gaspari akarudi kukaa kando ya ukuta akifuta paji la uso.

Nikaenda mimi. Pua ilikuwa imetulia, tumbo limejaa chapati na maharage, shati halina udi. Ya kwanza nikasema Dodoma, na kwa kujiamini nikataja hata udongo wake. Ilikuwa ya Chile. Ya pili nikasema Sheni ya Afrika Kusini, nikapatia. Ya tatu ilikuwa na harufu ya ngozi mpya na ukwaju, nikasema Italia, nikapatia. Mama Anjela akauliza ninunue ipi. Nikajibu kwa harufu, ile ya tatu. Akatikisa kichwa.

"Harufu hata ule wa kaimati ulikuwa nayo," alisema. "Onja, Mzee wangu. Onja uniambie."

Nikainyanyua glasi. Ndoo ilikuwa chini karibu na mguu wangu, safi, imesuguliwa. Niliizungusha mara moja hewani, kwa mazoea. Nikaileta mpaka ukingo wa glasi ukagusa mdomo wa chini. Nilikuwa nimeamua. Msije mkaambiwa baadaye kwamba niliponea chupuchupu kwa imani yangu, nilikuwa nimeshaamua kuonja, na nilikuwa nafumba macho kama nilivyomwona Gaspari akifanya.

"Kaka Shomari, usionje," Gaspari alisema kutoka kule ukutani.

Hakuinuka. Alikuwa anaangalia sakafu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kitu chake.

"Ukionja leo, mimi nitakuwa nimekunywa bure miaka yote hii."

Mimi nilidhani kwa miaka yote Gaspari anakunywa kwa sababu ni kazi yake, na kwa sababu anapenda. Kumbe kila glasi aliyoimeza mbele yangu aliihesabu kuwa ni yangu, kwamba anaibeba yeye ili ahadi yangu kwa baba, niliyowahi kumsimulia, ibaki nzima. Hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza. Macho yalinijaa maji mbele ya mwajiri wangu, mtu mzima na mvi zangu, na glasi bado iko kwenye mdomo kama nimeshonewa.

Nikaiweka mezani. Nikamwambia Mama Anjela kwamba kazi ni ya Gaspari, kwamba mimi umri wangu umefika, na ile ya tatu ainunue kwa sababu mtu amesema angeiozesha binti yake. Mama Anjela alivua miwani akaifuta muda mrefu kwa upindo wa kitenge. Kisha akasema sawa. Wiki ile mkanifanyia ile sherehe ya pilau, mkanipa saa ya ukutani na soda, nikaondoka.

Kaole nilikaa kama nilivyoogopa. Nilijibu kuhusu afya yangu. Nilipanga mabati ambayo yalikuwa yamepangika. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, bajaji ikasimama barabarani nje ya ua wangu, akashuka Gaspari na kikapu kimefunikwa kanga. Ndani kulikuwa na chupa nne na glasi zimefungwa kwa magazeti. Alinisalimia, akamuulizia Mwajuma. Vikadi vya msimu mpya vinatakiwa, akasema. Ulimi unafanya kazi, lakini amekaa na kalamu siku mbili na ameandika neno moja, nalo ni "mzuri".

Mvinyo hauingii uani kwangu, hilo halikuhitaji kusemwa. Alibaki upande wa barabara, mimi nikabaki upande wa nyumba, na kati yetu ukuta wa makuti unaonifika kifuani. Akafungua, akamimina, akanipitishia glasi juu ya ukuta, nikanusa nikamrudishia, akameza akafumba macho. Nikasema ndimu. Akasema chungwa bichi. Nikamwambia yeye hajawahi kujua tofauti ya karafuu na mdalasini. Akasema hata mimi sikujua tofauti ya Dodoma na Chile. Jirani yangu alipita, akaniona na glasi ya mvinyo mweupe puani, akanipa pole, akidhani Gaspari ni daktari aliyekuja kunipima sukari. Nikaipokea pole ile. Mwajuma alituletea kahawa, moja upande huu, moja upande ule, akasema kwa muda mrefu hajanisikia nikibishana na mtu, akarudi ndani anacheka.

Ndipo nilipojua nilichokuwa nakikosa, na si harufu ya chupa yoyote. Nilikuwa nakosa kusimama karibu na mtu yule akiwa amefumba macho, nikingoja aseme.

Sasa Gaspari anakuja kila mara wakala akileta sampuli. Ramadhani haji, na Kwaresma simtarajii, hilo tumeshajifunza. Vikadi mnavyovisoma pale mezani, vile ambavyo mwanzoni mlisema Gaspari amekuwa mshairi, vinaandikwa juu ya ukuta wa makuti Kaole. Mama Anjela anawaambia wageni wake kwamba alifanya vizuri kubaki na mwonjaji mmoja tu, anayeweza kazi yote. Mkiyasoma haya, msimwambie kitu.